Jasho la Binti ni la Nani?

Mchezo ni kazi ambayo mtu huifanya bila kulazimishwa na njaa. Mkulima hulima kwa kuwa asipolima hatakula. Mvuvi huingia baharini kwa kuwa chungu chake kinamngoja nyumbani. Lakini mtoto anayefukuza mpira uwanjani hufukuza kitu ambacho hakiliwi wala hakivaliwi. Hutoka jasho, huchoka, huanguka akainuka, na malipo yake huwa ni ile furaha ya kujua kwamba jana mwili wake haukuweza na leo umeweza. Kwa sababu hii mchezo umehesabiwa tangu zamani kuwa mmoja wa walimu wa utoto. Humfundisha mtoto kutii kanuni isiyompendelea, kushinda pasipo kiburi, na kushindwa pasipo chuki.

Walakini mwalimu huyu mwema aweza kugeuzwa akawa mnyapara. Jambo hilo hutokea wakati mchezo unapoondolewa mikononi mwa mtoto ukatiwa mikononi mwa mtu mzima: mzazi aliyelipa karo, au kocha ambaye cheo chake kinategemea ushindi. Hapo huzuka swali la adili ambalo halina budi kujibiwa. Mtu mzima ana haki gani juu ya jasho la mtoto? Aweza kumsukuma mpaka wapi, na kwa faida ya nani? Nataka tulipime swali hili kwa mfano wa wasichana wachezao katika shule za sekondari, hasa shule za kibinafsi za Marekani, kwa kuwa huko jambo lenyewe limekua likaonekana pande zake zote, kama mti uliomea mahali peupe. Tukishaupima mti huo, tutatazama kama mbegu yake haijaanguka katika udongo wetu pia.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba kwa muda mrefu wasichana hawakusukumwa kucheza, walizuiwa. Katika michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, mwaka 1928, wanawake walikimbia mbio za mita 800 kwa mara ya kwanza. Baadhi yao walionekana wamechoka baada ya kumaliza, kama mkimbiaji yeyote achokavyo. Magazeti yalikuza uchovu ule yakaufanya msiba, na wakubwa wa michezo wakakata shauri kwamba umbali huo haumfai mwanamke. Mbio hizo ziliondolewa, zisirudi mpaka michezo ya Roma mwaka 1960. Kwa miaka 32, watu ambao hawakukimbia waliamua juu ya miguu ya watu waliotaka kukimbia.

Katika shule za Marekani mambo hayakuwa mbali na hayo. Mwaka wa masomo wa 1971 na 1972, wavulana zaidi ya 3,600,000 walicheza katika timu za shule za sekondari, na wasichana hawakufika 300,000. Kisha mwaka 1972 ikapitishwa sheria ijulikanayo kwa jina la Title IX, ambayo ilikataza ubaguzi wa jinsia katika kila mpango wa elimu unaopokea fedha za serikali kuu. Mlango ukafunguka. Leo wasichana wachezao katika shule za sekondari za nchi ile wamepita 3,000,000. Hakuna mtu mwenye insafu awezaye kuyatazama mabadiliko hayo asishukuru.

Lakini kila mlango ufunguliwao huingiza hewa njema na vumbi pamoja. Pale ambapo binti wa zamani aliambiwa, "Usicheze," binti wa leo mara nyingine huambiwa, "Cheza, ushinde, usiache." Kwa sikio la haraka maneno haya mawili ni kinyume, moja la dhuluma na jingine la ukombozi. Kwa sikio la makini asili yake yaweza kuwa moja. Katika lile la kwanza, mtu mwingine alijitwalia mamlaka juu ya mwili wa binti akaufungia nyumbani. Katika hili la pili, mtu mwingine amejitwalia mamlaka yale yale akautoa kiwanjani. Binti mwenyewe hakuulizwa zamani, na kama haulizwi leo, basi aliyebadilika ni bwana wa amri, wala si hali ya mwenye kuamriwa. Uhuru haupimwi kwa kutazama mahali mtu alipo. Hupimwa kwa kuuliza ni nani aliyemfikisha hapo.

Na tutazame sasa jinsi msukumo huo unavyofanywa. Karo ya mwaka mmoja katika shule nyingi za kibinafsi za Marekani hufika makumi ya maelfu ya dola. Juu ya karo hiyo mzazi hulipia klabu ya nje ya shule, kocha wa pekee, safari za mashindano, viatu na mavazi. Mtoto hucheza timu ya shule muhula mmoja, na timu ya klabu miezi iliyobaki, hata mwaka ukawa hauna msimu wa kupumzika. Matumaini ya wazazi wengi ni kwamba chuo kikuu kitamwona binti na kumpa nafasi au ufadhili wa masomo kwa ajili ya mchezo wake. Hata hivyo, katika kila wanafunzi mia wachezao katika shule za sekondari nchini humo, wapatao ufadhili huo vyuoni ni kama wawili tu. Aghalabu fedha iliyotumiwa kuutafuta ufadhili ingetosha kulipa sehemu kubwa ya masomo yenyewe.

Fedha ina tabia ya kubadili maana ya vitu. Mtu akinunua kiti, ana haki ya kudai kiti. Mzazi aliyelipa sana huanza kudhani kwamba amenunua ushindi, au walau dakika za binti yake uwanjani. Binti akikalishwa benchi, mzazi huona ameibiwa. Humwendea kocha baada ya mchezo, humwandikia usiku, na asiporidhika humwendea mkuu wa shule. Mkuu naye hujua kwamba mzazi huyo ndiye aliyechangia jengo jipya, au kwamba akimwondoa mtoto ataondoka na karo. Hivyo neno la mzazi hushuka kutoka juu, likamfikia kocha likiwa na uzito wa amri.

Tusimlaumu kocha kabla ya kuyajua mashaka yake. Mara nyingi ni mwalimu wa kawaida mwenye ujira mdogo wa nyongeza, apendaye mchezo na apendaye watoto. Akishinda, sifa huenda kwa shule; akishindwa, lawama humjia peke yake. Akimpanga binti wa mkubwa, humdhulumu binti mwingine ambaye babake hana sauti. Na binti wa mkubwa je, amefaidiwa? La. Huyo naye ameibiwa, na kilichoibwa ni kitu kisichorudi: hawezi tena kujua kama aliipata nafasi kwa miguu yake au kwa mdomo wa babake. Kila akisifiwa atashuku sifa. Kila mwenzake akinong'ona atadhani anasemwa yeye. Mapendeleo humdhuru anyimwaye mara moja, na humdhuru apewaye kila siku.

Lakini ni kweli pia kwamba kocha mwingine huupokea msukumo wa juu akauzidisha, kisha akaushusha juu ya mabega ya watoto. Huwatukana wakikosea, huwapima uzito mbele ya wenzao, na huita maumivu uvivu. Hapa swali letu huacha kuwa la fedha na hisia tu, likawa la mifupa na damu. Mwili wa msichana wa sekondari haujamaliza kujengwa. Sehemu kubwa ya nguvu ya mifupa atakayoishi nayo mpaka uzeeni huwekwa akiba katika miaka hiyo. Akifanyishwa kazi nyingi na kula kidogo, mwili hufanya kama nyumba yenye njaa: huanza kupunguza matumizi. Hedhi hukatika, mifupa hudhoofu, moyo na akili huchoka. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko juu ya hatari hiyo ya upungufu wa nguvu ya chakula kwa wanamichezo, ikaeleza kwamba hudhuru karibu kila kiungo. Kadhalika, wasichana wachezao kandanda na mpira wa kikapu hukatika kano ya ndani ya goti mara mbili au zaidi kuliko wavulana, na jeraha hilo huchukua miezi tisa au mwaka mzima kupona. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa shauri mwaka 2016 kwamba kwa michezo mingi mtoto asifungwe katika mchezo mmoja tu kabla ya kufika miaka 15 au 16, na kwamba kila juma apate siku moja au mbili za kupumzika. Shauri hilo ni jepesi kulisoma, lakini ni zito kulifuata kwa mzazi aliyekwisha kulipia mwaka mzima.

Mfano wa Mary Cain unafaa kuzingatiwa. Huyu alikuwa mmoja wa wasichana wa shule wenye kasi kuliko wote waliopata kuonekana Marekani. Mwaka 2013, akiwa na miaka 17, alikimbia katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Moscow, akiwa mdogo kuliko Mmarekani yeyote aliyepata kushiriki mashindano yale. Mwaka huo huo alichukuliwa na timu mashuhuri ya Oregon iliyofadhiliwa na kampuni ya Nike. Mwaka 2019 alijitokeza hadharani akaeleza yaliyompata. Alisema kwamba alihimizwa apunguze uzito, na tena apunguze, mpaka hedhi yake ikakatika kwa miaka mitatu na mifupa mitano ikavunjika. Wazazi wake walipojua hali yake walimrudisha nyumbani. Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Usemi huu ni wa kweli pale tu mzazi anapokubali kuambiwa. Kuna maumivu ambayo mtoto huyaficha kwa sababu amefundishwa kwamba kuyataja ni aibu, na maumivu hayo mzazi hatayajua kamwe, hata akae mstari wa mbele kila siku ya mchezo.

Msukumo huu ukiachwa uendelee, humfikisha mtu wapi? Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliwashtaki watu zaidi ya 50 katika kesi moja ya hongo za kuingiza watoto katika vyuo vikuu. Wazazi matajiri walimlipa mtu aliyewatengenezea watoto wao sifa za uongo, na baadhi ya makocha wa vyuo walipokea fedha ili waandike kwamba watoto hao ni wachezaji. Mwigizaji wa sinema Lori Loughlin na mumewe walikubali kulipa dola 500,000 ili mabinti zao wawili waingie katika Chuo Kikuu cha Southern California kama wapiga makasia. Mabinti hao hawakuwa wapiga makasia hata kidogo. Walipigwa picha wakiwa juu ya mashine ya mazoezi ili picha ziseme yale ambayo mikono haikupata kuyafanya. Mwaka 2020 mama alihukumiwa kifungo cha miezi miwili, na baba miezi mitano.

Watu wengi waliicheka kesi ile kama kichekesho cha matajiri. Mimi naiona kuwa ni mwisho wa njia ambayo wazazi wengi wasio na hatia ya sheria wameanza kuipita. Mzazi aanzaye kwa kuutaka ushindi kuliko mtoto autakavyo, ameuweka mchezo mbele ya mtoto. Akiendelea, humwona mtoto kuwa chombo cha kuupatia ushindi. Mwisho wake chombo chenyewe hakihitajiki tena. Mchezo hubaki bila mchezaji, tuzo bila jasho, na jina bila mtu. Wale waliolipa hongo walifika mwisho wa njia hiyo. Walionunua dakika za kucheza kwa ukali wa maneno wako katikati yake.

Sasa yatupasa kumsikiliza mpinzani wetu, maana hoja yake si nyepesi. Atasema: Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto hajui mema yake. Akiachiwa achague, atachagua usingizi kuliko mazoezi, na peremende kuliko chakula. Hakuna bingwa aliyepatikana pasipo mtu wa kumwamsha alfajiri. Na tena, mzazi maskini amsukumaye binti yake apate ufadhili wa masomo hafanyi hivyo kwa majivuno, bali kwa kuwa mlango mwingine haupo.

Hoja hii ina ukweli, na mtu asiyeukubali ukweli huo hawezi kulea. Ukali una nafasi yake. Kocha amwambiaye mchezaji arudie pigo mara hamsini hamdhulumu. Humpa heshima ya kuamini kwamba aweza kulifanya vema. Mzazi akataaye binti yake aiache timu katikati ya msimu kwa sababu ameudhiwa siku moja, humfundisha kutimiza ahadi. Mti usiopata upepo hauna mizizi. Basi swali letu si kama mtoto asukumwe au asisukumwe. Swali ni namna ya kuutofautisha mkono ulea na mkono utwaa, maana kwa mbali yote miwili huonekana inasukuma.

Nadhani kipimo kiko katika neno moja dogo: "la." Mtazame binti aliye chini ya mzazi na kocha fulani, kisha uulize. Je, binti huyu aweza kusema, "La, goti linaniuma," akaaminiwa? Aweza kusema, "La, nimechoka, nataka kupumzika juma hili," asiitwe msaliti? Aweza kusema mwisho wa msimu, "La, mchezo huu siutaki tena," akarudi nyumbani akala chakula kile kile, akapendwa mapenzi yale yale? Ikiwa aweza, basi hata ukali wa kocha wake ni malezi, kwa sababu ndiyo yake ni ya kweli. Ikiwa hawezi, basi hata upole unaomzunguka ni kifungo. Mtu asiyeweza kusema la hajapata kusema ndiyo. Amenyamaza tu, na wengine wamenyamazia naye.

Mifano miwili kutoka mchezo wa viungo, ingawa si ya timu za shule, huonyesha nguvu ya kipimo hiki. Katika Olimpiki ya Atlanta, mwaka 1996, Kerri Strug, msichana wa miaka 18, aliumia kifundo cha mguu katika ruko lake la kwanza. Kocha alimhimiza, naye akaruka mara ya pili kwa mguu ule ulioumia, akasimama kidogo, kisha akaanguka. Dunia ilishangilia, na kocha akambeba mikononi mbele ya kamera. Ushujaa wa msichana yule ulikuwa wa kweli, wala hapana aupunguzaye. Lakini hesabu ilipofanywa baadaye ilionekana kwamba timu yake ingepata dhahabu hata bila ruko lile la pili. Maumivu yale hayakuwa yamehitajika. Na katika kelele zile za kuhimizwa, ilikuwa vigumu kwake kusema la.

Miaka 25 ikapita. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanywa mwaka 2021, Simone Biles, aliyekuwa bingwa mkubwa kuliko wote wa mchezo ule, alipoteza uwezo wa kujua mahali mwili wake ulipo akiwa hewani. Kwa mtu arukaye na kupinduka juu vile, hiyo ni hatari ya kuvunjika shingo. Alisema la. Alijitoa katika mashindano ya timu, wenzake wakaendelea wakapata medali ya fedha. Wapo waliomwita mwoga, nao wengi wao walisema hayo wakiwa wamekaa vitini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Biles alipumzika, akarudi kwa hiari yake, na katika Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, alipata dhahabu tatu. Wale wanaodhani kwamba ruhusa ya kusema la huua bidii, na waitafakari habari hiyo. Ndiyo ya mtu huru ina nguvu kuliko ndiyo ya mtu aliyebanwa.

Msomaji wa Kenya asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo yasiyomhusu. Wakimbiaji wetu, wanaume kwa wanawake, wamesoma katika vyuo vikuu vya Marekani kwa nguvu ya miguu yao tangu miaka mingi. Sally Kipyego alisoma Texas Tech, akashinda mataji tisa ya vyuo vikuu vya nchi ile, na mwaka 2012 akapata medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London. Njia hiyo ni njema, na aliyeipita amestahili heshima. Lakini penye njia ya faida hapakosi wachuuzi. Hapa kwetu pia wako wazazi wanaohesabu mapato ya miguu ya mtoto kabla mtoto hajamaliza kukua, na ziko shule zinazoiona timu ya wasichana kuwa tangazo la kuvutia karo. Katika shule kama hizo, msichana aliyeumia hupewa dawa ya kutuliza maumivu mahali pa mapumziko, na kitabu chake hukaa bila kufunguliwa mpaka msimu wa mashindano uishe.

Lakini Kenya ina mfano mwingine pia. Tegla Loroupe, aliyezaliwa mwaka 1973 huko Pokot Magharibi, alikimbia karibu kilomita 10 kila siku kwenda shule. Babake hakutaka awe mkimbiaji. Aliiona kazi hiyo haimfai mwanamke. Binti hakuivunja heshima ya babake, wala hakuyaacha mapenzi ya mbio. Mwaka 1994 alishinda marathoni ya New York, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuishinda, na mwaka 1998 akavunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake. Hakuwa na mtu wa kumsukuma nyuma. Alikuwa na kitu cha kumvuta mbele. Yamkini tunakosea tunapodhani kwamba bingwa hutengenezwa na anayemsukuma. Aghalabu bingwa hutengenezwa na kile akipendacho, na kazi ya mkubwa ni kumwondolea mawe njiani.

Basi mzazi afanyeje? Na alipe karo kama zawadi, wala si kama rehani. Zawadi haidaiwi. Aende uwanjani akamtazame mtoto wake zaidi ya kuyatazama magoli. Akirudi naye nyumbani, swali lake la kwanza lisiwe, "Mmeshinda?" Liwe, "Umefurahi? Umeumia?" Majibu ya maswali hayo mawili yatamfundisha mengi kuliko ubao wa magoli. Kocha naye na ajue kwamba wasichana aliokabidhiwa ni amana. Mwenye kupewa amana huitunza airudishe ikiwa nzima, na ikiwezekana ikiwa na nyongeza. Hairudishi ikiwa imevunjika, akajitetea kwa kikombe cha fedha kilichowekwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Na shule iliyo mahiri kweli itamlinda kocha mwadilifu dhidi ya sauti ya mchango mkubwa, maana shule isiyoweza kumlinda mwalimu wake haitaweza kumlinda mtoto.

Nawe binti unayesoma maneno haya, usiyachukue kuwa kibali cha uvivu. Neno la ni silaha, na silaha haichezewi. Anayesema la kila alfajiri kwa sababu baridi ni kali, siku goti lake litakapouma kweli hataaminiwa. Sema ndiyo kwa moyo wako wote kila uwezapo: ndiyo kwa mazoezi, ndiyo kwa kanuni, ndiyo kwa wenzako wanaokutegemea. Ukisha kuwa mtu ambaye ndiyo yake inajulikana, la yako itakuwa na uzito ambao mzazi na kocha watautii. Wala usimchukie mzazi akusukumaye. Aghalabu anaogopa umaskini ambao wewe hujauona, au anaitafuta kwako furaha aliyonyimwa yeye utotoni. Mweleze kwa adabu, mweleze mapema, na mweleze kweli.

Magoli husahauliwa, vikombe hushika kutu, na majina ya washindi wa mwaka huu yatafutwa na ya mwaka ujao. Kitakachobaki ni mwanamke ambaye alikuwa binti uwanjani. Akiwa na magoti mazima, moyo usio na kinyongo, na ujuzi kwamba jasho alilolitoa lilikuwa lake, basi mchezo umemlea. Asipokuwa na hayo, basi hata kama alishinda michezo yote, yeye ndiye aliyepotezwa.